Ghana: Rawlings alivua gwanda 1992, ila jeshi lilitoka lini hasa? (Uzi mrefu)

Mwanakijiwe (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kila yakitokea mapinduzi huko Afrika Magharibi inaanza ile ngonjera, huyu anasema jeshi likishaingia ikulu halitoki, yule anajibu mbona Ghana lilitoka, 1992 wakapiga kura yakaisha. Wote mnanichosha. Ghana 1992 jeshi halikutoka popote. Mkuu wa utawala wa kijeshi alivua gwanda akavaa kiraia akagombea urais akashinda, na jengo alilokuwa anatawalia, ile ngome ya Osu pale Accra, akaendelea kulikalia vilevile. Sasa hayo ndo mabadiliko?

Mimi hoja yangu ni kwamba kilichoibadilisha Ghana ni miaka 8 kati ya 1992 na 2000, na hakikubadilishwa na hotuba wala na mashujaa, kilibadilishwa na ugomvi wa vitu vidogo vya kuchosha kabisa: sanduku la kura limetengenezwa na nini, kura zihesabiwe wapi, nani atoe kibali cha maandamano, tarehe 31 Desemba iwe sikukuu au isiwe. Watu wanaruka hicho kipande kwa sababu hakina risasi.

Kwa wasiomjua, Jerry John Rawlings alikuwa flight lieutenant wa jeshi la anga aliyeingia mara mbili. Juni 4 mwaka 1979 vijana wa vyeo vya chini walimtoa gerezani wakamuweka juu, na ndani ya mwezi huohuo wakapiga risasi maafisa wakubwa, wakiwemo wakuu watatu wa zamani wa nchi, Acheampong, Akuffo na Afrifa. Septemba akakabidhi kwa raia, Hilla Limann. Limann hakumaliza hata muhula, Desemba 31 mwaka 1981 jamaa akarudi na PNDC, baraza lake la kutawala, na safari hii akakaa miaka 11 bila kura ya urais.

Na sio kwamba Ghana ilikuwa haijawahi kujaribu. Tangu Nkrumah apinduliwe Februari 1966, walikabidhi kwa raia 1969 kwa Busia, 1972 jeshi likarudi. Wakakabidhi 1979, 1981 likarudi. Yani mara zote mbili walifanya ile njia safi ambayo watu hapa mnaisifia, jeshi linafungasha linarudi kambini, sherehe, raia anaapa, na mara zote mbili haikufika hata miaka mitatu. Ile njia chafu ya 1992 ndo imedumu mpaka leo. Hilo lilinisumbua sana nilipoanza kusoma mambo ya Ghana.

Naendelea chini.

Kibuyu_Tupu

Naweka kambi hapa. Mkuu shusha nondo.

Mwanakijiwe

Sehemu ya pili.

Rawlings hakuanza na vyama, alianza na wilaya. 1988 hadi 1989 wakafanya uchaguzi wa mabaraza ya wilaya, bila vyama, mgombea anajinadi mwenyewe, na theluthi moja ya wajumbe wanateuliwa na serikali. Hesabu yake ilikuwa demokrasia ianzie chini huko na ibaki huko, vyama asivisikie. Ila mwaka huohuo 1988 profesa wa historia, Albert Adu Boahen, akatoa mihadhara mitatu Accra akiusema utawala hadharani, wakati ambao watu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona. Agosti 1990 wakaunda MFJ, vuguvugu la kudai uhuru na haki, profesa ndo mwenyekiti. Huku nje nako ukuta wa Berlin umeshaanguka, wafadhili wameanza kuuliza maswali, na nchi tangu 1983 inaendeshwa kwa mkopo wa IMF. Jamaa akaona bora aongoze msafara kuliko kukanyagwa nao.

1991 likakaa bunge la ushauri la watu 260 kuandika katiba, na humo wengi walitoka kwenye mabaraza yaleyale ya wilaya na makundi rafiki wa serikali, upinzani wenye nguvu ukabaki nje. Aprili 28 mwaka 1992 kura ya maoni, zaidi ya asilimia 90 wakasema ndiyo. Na vyama vilikuwa bado vimefungiwa! Marufuku iliondolewa Mei, uchaguzi Novemba. Mwenzako ana miaka 11 ya redio ya taifa, magari na ofisi kila wilaya, wewe unapewa miezi mitano na ushee uunde chama.

Matokeo ya Novemba 3: Rawlings asilimia 58, Adu Boahen wa chama cha NPP asilimia 30, Limann na wengine wakagawana makombo. Daftari la wapiga kura lilikuwa lile la enzi za PNDC, lina majina milioni 8.4, upinzani ukasema hilo limejaa mizimu maana nchi yenyewe ilikuwa na watu milioni 15 na kitu na nusu ni watoto. Watazamaji wa nje wakasema kuna kasoro ila imepita.

Upinzani ukakasirika, ukasusia uchaguzi wa wabunge Desemba 29. Chama cha Rawlings, NDC, kikabeba viti 189 kati ya 200, vingine vikaenda kwa vyama vidogo rafiki na wagombea binafsi. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata theluthi moja. Kwa hiyo jamhuri ya nne inaanza Januari 7 mwaka 1993 na rais ni yuleyule, bunge ni lake, jeshi ni lake. Mtu yeyote mwenye akili timamu siku hiyo angesema hapa tumepigwa.

chaga_la_mninga

Sasa si ndo hapo! Tumepigwa. Mkuu unataka kutuambia upinzani wasuse halafu iweje? Mbona hata wewe unakubali jamaa alijiandikia katiba akajichagua. Demokrasia ya kupewa na mjeda ni geresha tu.

Dada Semeni

Kabla mwanzisha uzi hajaendelea naomba niweke kitu maana naona kinaruka. Kwenye hiyo katiba kuna kifungu cha 34 cha masharti ya mpito, kinasema hakuna mahakama itakayohoji jambo lolote lililofanywa na PNDC au AFRC (utawala wake wa kwanza, ule wa 1979) au watu wao. Na cha 37 kinasema bunge halina mamlaka ya kukirekebisha hicho. Wananchi walipiga kura ya ndiyo au hapana kwa kitabu kizima, huwezi kusema katiba nataka kinga sitaki.

Na hiyo kinga haikuwa ya kufunika wizi wa mafuta. Usiku wa Juni 30 mwaka 1982, wakati wa amri ya kutotoka nje, majaji watatu na mwanajeshi mstaafu mmoja walichukuliwa majumbani kwao na watu wenye gari la kijeshi. Mmoja alikuwa mama, Jaji Cecilia Koranteng-Addow, alikuwa ananyonyesha. Miili ikakutwa kwenye uwanja wa kulengea shabaha wa Bundase, imepigwa risasi na kuchomwa moto, ikabaki haijaungua yote kwa sababu mvua ilinyesha. Majaji hao walikuwa wamewaachia watu waliofungwa na mahakama za AFRC. Mjumbe mmoja wa PNDC, Amartey Kwei, na wenzake walinyongewa... samahani, walipigwa risasi kwa kesi hiyo, ila swali la nani mwingine alijua lilibaki juu, na kifungu cha 34 kikalifungia hapohapo.

Kwa hiyo mkisifia njia chafu iliyodumu mjue kuna familia zililipia.

Mwanakijiwe

Dada Semeni asante na sitabishana na wewe kwenye hilo. Ile kinga ilikuwa bei ya kumtoa. Unaweza kusema bei ilikuwa kubwa mno, ila ukiiondoa 1992 sidhani kama kuna karatasi ya kura ingechapwa. Hata tume ya maridhiano iliyokuja baadaye, ilisikiliza watu kuanzia 2003, Rawlings mwenyewe akafika mbele yake 2004, iliweza kusikiliza na kupendekeza fidia, kushtaki hapana. Kifungu kipo mpaka leo.

Chaga, sasa nakujibu wewe.

Kususia lilikuwa kosa na NPP wenyewe walikuja kuliona, walijitoa bungeni kwa miaka minne. Ila walikuwa na kitu kimoja, chama kimejaa mawakili. Bunge hawana, basi wakahamia Mahakama ya Juu. Na 1993 wakafungua kesi zilizoingia kwenye vitabu.

Ya kwanza, kibali cha maandamano. Kulikuwa na amri ya 1972 ya enzi za Acheampong inayosema huwezi kukusanyika bila ruhusa ya polisi. Mahakama ikasema hiyo imekufa siku katiba ilipozaliwa, uhuru wa kukusanyika hauombwi. Bunge likatunga sheria mpya 1994, ukitaka kuandamana unatoa taarifa siku tano kabla, hauombi kibali. Taarifa na kibali sio kitu kimoja wakuu, muulize yeyote aliyewahi kunyimwa kibali.

Ya pili, redio na TV ya taifa. Waziri wa fedha alipewa muda hewani kueleza bajeti, NPP wakaomba muda uleule waipinge, wakanyimwa, mahakama ikasema wapeni.

Ya tatu ndo naipenda. Desemba 31 ilikuwa sikukuu, siku ya mapinduzi yake, gwaride, pesa ya serikali. NPP wakasema huwezi kuwa na katiba inayokataza mapinduzi halafu unasherehekea mapinduzi kwa hela ya walipa kodi. Majaji wakagawanyika 5 kwa 4, NPP wakashinda. Fikirieni hapo, rais aliyepindua bado yuko ofisini, ana jeshi, na majaji watano wanamwambia sikukuu yako ya kupindua hakuna, miaka 11 tu baada ya majaji wenzao kuuawa. Alilalamika sana ila alitii. Mimi mtu akiniuliza Ghana ilivuka lini namtajia hukumu hiyo kabla ya uchaguzi wowote.

Mzee Kijiba

Vijana mnakumbuka mahakama tu, redio mmeisahau. Sisi tuliokuwa tunafuatilia wakati huo tunajua. 1994 kulitokea kituo binafsi kinaitwa Radio Eye, kilirusha matangazo bila leseni pale Accra, serikali ikaenda ikakomba mitambo. Watu wakaandamana, kesi ikaenda mahakamani, na 1995 leseni zikaanza kutoka, Joy FM ikaingia hewani. Kabla ya hapo matokeo ya kituo cha kijijini unayasikia kutoka redio moja tu, ya serikali. Ilipofika 2000 kuna FM kila mji mkubwa, mtu anaona fujo kituoni anapiga simu studio, nchi nzima imesikia kabla ya mkuu wa wilaya. Hapo kuiba ni kazi.

Mwanakijiwe

Mzee umenipiga bao, shikamoo. Na hiyo FM ndo iliyokuza uchaguzi wa 2000 hasa, duru ya pili watu wanahesabu na redio.

Twende kwenye sanduku sasa. Tume ya uchaguzi ilikuwa na mwenyekiti Kwadwo Afari-Gyan, mtaalamu wa siasa wa chuo kikuu, aliingia 1993 akakaa mpaka 2015. Machi 1994 akaanzisha kamati ya ushauri ya vyama, IPAC, wanakaa tume na vyama vyote meza moja kila mara. Haina mamlaka kisheria, maamuzi yake ni ushauri tu. Ila humo ndo waligombania kila kitu.

1992 masanduku yalikuwa hayaonyeshi ndani. Mpinzani anakwambia lilikuja limeshajaa, wa serikali anasema thibitisha, mnabaki hapo. 1996 wakaleta masanduku yanayoona ndani. Asubuhi msimamizi analinyanyua, analigeuza, kila wakala anaona hakuna karatasi, linafungwa kwa lakiri yenye namba na mawakala wanaiandika namba. Halafu kura inapigiwa nyuma ya kikadibodi cha kuzuia kilichowekwa juu ya meza palepale wazi, sio unaingia chumbani peke yako, maana chumbani 1992 ndo walikuwa wanalalamika kuna watu wanatumbukiza bunda. Daftari jipya 1995. Vitambulisho vya mpiga kura, vya picha mijini na vya dole gumba sehemu nyingi za vijijini maana hela haikutosha. Urais na ubunge siku moja, ili asitokee tena mtu wa kususa nusu.

Na kubwa kuliko zote, kura zinahesabiwa palepale kituoni. Karatasi inanyanyuliwa juu moja moja watu wanaiona, wanahesabu kwa sauti, matokeo yanaandikwa kwenye fomu, mawakala wa vyama wanasaini na kila mmoja anaondoka na nakala yake. Ukitaka kuchakachua juu kule unajua kuna mtu NPP na mtu NDC kila kijiji ana karatasi ile. Hizi fomu za rangi ya pinki ndo zilikuja kuwa maarufu 2013, upinzani walipopeleka maelfu yake Mahakama ya Juu kupinga ushindi wa rais Mahama wa NDC, kesi ikarushwa live kwenye TV miezi kadhaa nchi nzima ikawa na utaalamu wa fomu. Agosti 29 wakashindwa, Akufo-Addo, mgombea wa NPP, akasema sikubaliani ila naheshimu, akaenda nyumbani, 2016 akarudi akashinda.

1996 Rawlings alishinda tena, 57 kwa 39 za Kufuor wa NPP. Safari hii hakuna aliyesusa, NPP wakaingia bungeni na viti kama 60 hivi.

Kibuyu_Tupu

Hapo 1996 kuna kituko mmekiruka, makamu wa rais! Arkaah alikuwa makamu wa Rawlings kupitia chama shirika, wakakosana, Desemba 1995 akadai bosi wake kamshushia kipigo ndani ya kikao cha baraza la mawaziri. Hakujiuzulu ng'o. Akabaki makamu wa rais huku anagombea kama mgombea mwenza wa Kufuor upande wa pili 😂😂 Dunia ina mambo.

chaga_la_mninga

😂😂 hiyo sikuijua.

Sawa mwanzisha uzi, sanduku nimelikubali. Ila bado hujajibu, kwanini aliondoka 2000? Mwenye jeshi haondolewi na kikadibodi.

Mwanakijiwe

Swali zuri, na jibu langu halina sababu moja.

Katiba ilisema mihula miwili. Ni katiba yake mwenyewe, kuibadilisha kungemfungulia kila mtu mlango, kikiwemo kile kifungu cha 34 anachokihitaji kuliko mtu yeyote Ghana. Hilo Dada Semeni ulitazame, ile kinga ndo ilimpa sababu ya kuilinda katiba. Mtu aliyeahidiwa usalama akitoka anatoka, asiyeahidiwa anafia kitini.

Pili jeshi lilikuwa na shughuli nyingine. Askari wa Ghana walikuwa Lebanon na UN, Liberia na ECOMOG (kikosi cha pamoja cha Afrika Magharibi), Rwanda 1994 walibaki wakati wengine wanafungasha. Mwanajeshi mwenye zamu ya kwenda misheni na posho ya UN hana haraka ya kupindua nyumbani.

Tatu alidhani atashinda hata akiondoka. 1998 kule Swedru akatangaza kwa mdomo wake kwamba mrithi ni makamu wake, John Atta Mills, bila mkutano wa chama kuchagua. Wengine ndani ya NDC wakanuna, wakatoka wakaunda Reform Party. Na 2000 uchumi ulikuwa hoi, bei ya dhahabu na kakao imeshuka, mafuta yamepanda, cedi inaporomoka. Desemba 7 Kufuor akapata asilimia 48, Mills 44. Duru ya pili Desemba 28 vyama vidogo vikamuunga Kufuor akashinda 57 kwa 43. Januari 7 mwaka 2001 Rawlings akakabidhi. Mara ya kwanza tangu uhuru wa 1957 serikali iliyochaguliwa inapokea kutoka serikali iliyochaguliwa ya chama kingine.

Na Kufuor hakulala, wizara ya ulinzi alimpa mdogo wake wa damu, Addo-Kufuor. Watu wakasema undugu. Ni undugu kweli, ila ukipokea nchi kutoka kwa Rawlings na wewe ungefanya hivyohivyo.

Dada Semeni

Hiyo ya kinga kumfanya ailinde katiba sikuwahi kuifikiria hivyo na siipendi, ila naielewa. Nitaongeza tu kwamba Kufuor mwaka wake wa kwanza, 2001, alifuta sheria ya kashfa ya jinai iliyokuwa inawafunga waandishi. Hilo nalo halina risasi.

Mzee Kijiba

Marahaba Mwanakijiwe. Mtihani wenyewe ulikuwa 2008 sio 2000. 2000 aliyeshindwa alikuwa amechoka. 2008 NPP wako madarakani, Akufo-Addo duru ya kwanza kapata asilimia 49.13, kakosa kushinda moja kwa moja kwa uzi mwembamba, na kura zilizoharibika peke yake zilikuwa zaidi ya laki mbili. Duru ya pili wakabanana mpaka ikabaki jimbo moja, Tain, ambalo halikupiga kura Desemba 28. Likapiga Januari 2. NPP wakakimbilia mahakamani, wakasusia Tain, watu wenye silaha za jadi mitaani Accra nje ya tume. Mwisho Mills wa NDC kashinda kwa kura elfu 40 na kidogo kati ya milioni 9. Chama chenye jeshi, polisi na hazina kikakabidhi ndani ya siku chache.

chaga_la_mninga

Elfu 40 nchi nzima na wakatoka? Haya mkuu nimeshuka kwenye mti. Ila wizi mdogo mdogo bado upo Ghana, msituchoree pepo hapa, kuna wahuni wa vyama wanapiga watu kwenye chaguzi ndogo na hela ya kura inagawiwa kweupe.

Mwanakijiwe

Upo na sibishi. Chaguzi za 2020 walikufa watu, bunge likatoka sare 137 kwa 137, wabunge wakapigana usiku wa kumchagua spika mpaka askari wenye silaha wakaingia ukumbini, mmoja wa wabunge kanyakua karatasi za kura kakimbia nazo. Pepo gani hiyo. Lakini wale askari walitoka asubuhi ile ile na spika akaapishwa akiwa wa chama cha upinzani.

Kwa anayetaka kuendelea, nitafungua uzi mwingine wa Nigeria 1998 baada ya Abacha, huko mambo yalienda kasi, miezi 11 tu Abdulsalami akakabidhi kwa Obasanjo. Kibuyu ile ya Arkaah ilitakiwa iwe kwenye post ya kwanza kabisa.